Shikamoo Iliyokuwa Ikila Vocha

Nyumbani, Jumatatu alasiri

Skola mwanangu,

Umekwenda na mama yako kumuaga bibi kule ng'ambo ya mto, na ninavyomjua bibi yako, hamtarudi kabla hajawapikia. Kwa hiyo nina alasiri nzima, meza, kalamu ya bluu na karatasi nilizozichomoa kwenye daftari la kikundi cha wakulima. Kikundi kitanisamehe. Karani ni mimi.

Mambo ya safari sitayaandika. Mama yako ameyasema yote tangu Ijumaa: basi, sanduku, vumbi la Dodoma, na kwamba pale Dumila usishuke kununua vitunguu basi likakuacha. Kama amesahau moja, atakukumbusha kesho stendi, na stendi nzima itasikia. Mimi nina jambo moja tu, na nimelibeba tangu masika.

Jana nilikuwa nje ya jiko nafunga sanduku lako kwa kamba ya katani. Nilikusikia ukimwambia mama yako kwamba ukifika utapiga kwa Mjomba Pius, naye atatuletea habari. Mama yako akakuuliza kwa nini umsumbue mjomba na simu ya baba yako ipo hapa hapa dirishani. Ukamjibu, “Simu ya baba siigusi, mama.”

Hukusema kwa hasira. Ungesema kwa hasira ningefurahi, maana hasira yako naijua, haimalizi siku mbili. Ulisema kama mtu anayesema kwamba yeye chai hatii sukari. Nikaendelea kukaza kamba mpaka ikakatika, nikatafuta nyingine. Ndipo nilipojua kwamba nisipokuambia kabla ya kesho, mwanangu ataondoka nyumbani na mimi nitakuwa nasikia habari zake kwa shemeji, kama ninavyosikia habari za Bunge.

Nilijaribu kukuambia kwa mdomo. Unakumbuka jana jioni nilikuita uje ushike kamba? Sikuwa na haja ya mtu wa kushika kamba. Nilikuita niseme, na nilipofungua mdomo nikaanza kukueleza aina za mafundo. Ulisikiliza mafundo yote matatu kwa adabu. Basi nimeona niandike, maana kwenye karatasi sina pa kukimbilia.

Nianze na simu yenyewe. Nilipoinunua hukuwa umemaliza shule ya msingi. Nilikuwa nimeuza karoti vizuri mjini Morogoro nikarudi na kile kitochi mfukoni, na kwa mwezi mzima nilijua kupokea tu. Kuandika ujumbe ulinifundisha wewe. Ulikwenda likizo kwa shangazi yako Ngerengere, ukaazima simu yake, ukanitumia ujumbe wa maneno mawili: Shikamoo baba. Nilikaa kwenye jiwe nyuma ya nyumba, pale mtandao unaposhika vizuri, nikatafuta herufi moja moja kama mtu anayechambua mawe kwenye mchele. Neno la kwanza nililoliandika kwenye simu maishani mwangu ni Marahaba. Lilinichukua muda wa kutosha mama yako kuivisha maharage. Lilipokwenda nilijiona nimesoma upya.

Hiyo ndiyo nyumba uliyokulia. Simu moja, ya kila mtu. Mama yako akitaka kumjulia hali dada yake, simu hiyo. Mnunuzi wa karoti akitafutwa, simu hiyo. Wewe na mwenzako Beata mkisaidiana hesabu jioni, simu hiyo hiyo. Vocha naweka mimi, lakini sikuwahi kuuliza nani ametumia nini, mpaka mwaka jana vocha ilipoanza kuyeyuka.

Mwanzo nilidhani nimekosea kuhesabu. Naweka asubuhi, jioni naambiwa salio halitoshi. Naweka tena, hali ile ile. Nilianza kuificha simu chini ya mto wa kulalia, na bado vocha ilikuwa inaliwa. Nikaanza kutazama nani anaigusa. Na Skola, ukitafuta mwizi ndani ya nyumba yako hutamkosa. Kila aliyepita karibu na kitu anakuwa yeye. Wewe uliipata mkononi kila jioni kwa ajili ya hesabu zako, kwa hiyo nikakutazama wewe. Nikajiambia binti amekua, huyo Beata si Beata, kuna kijana.

Halafu ikaja siku ya karoti. Tuling'oa tangu alfajiri, tukaziosha mtoni, mkazikanyaga ndani ya magunia ili udongo utoke wewe na mama yako mpaka miguu ikafa ganzi, tukajaza viroba tukavishusha barabarani. Kilichobaki ni kumpigia mnunuzi mjini alete Fuso. Nikapiga. Yule dada wa kwenye simu akaniambia kwa sauti yake tamu kwamba salio langu halitoshi. Nikataka kukopa vocha, nikaambiwa hata ile ya kukopa nimeshakopa na sijarudisha. Jirani mwenye simu alikuwa ameshuka Mgeta. Nilipopata mtu wa kuniazima, Fuso lilikuwa limeshajaa karoti za wenzetu. Zetu zilikaa barabarani siku mbili na jua likawaka siku zote mbili, jambo ambalo huku kwetu hutokea tu mtu akiwa na karoti barabarani.

Asubuhi ya tatu ulikuja na ndoo ya maji, ukaitua, ukaniambia shikamoo baba. Sikuitikia.

Nataka ujue kwamba sikusahau wala sikuwa nawaza mengine. Niliisikia, nikaiacha pale mlangoni makusudi. Na kesho yake tena. Na keshokutwa. Wewe uliendelea kusalimia kila siku, na mimi niliendelea kunyamaza, karibu wiki tatu. Baba yangu mzazi hakuwahi kunifanyia hivyo hata nilipomchomea ghala. Mama yako aliniambia ninachokifanya si kizuri. Nikamwambia asubiri, nitalipeleka jambo hili kwa wenyewe, ukoo wake.

Nikalipeleka. Hapo ndipo kosa langu lilipokuwa kubwa, na ninadhani unajua kwa nini. Huku kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Mimi nilikuja hapa na jembe na begi moja, nikapewa mke, nikapewa shamba la ukoo wake nilime, na mkapatikana ninyi, mali yao. Baba akimwita mjomba aketi kikao juu ya mtoto, ni sawa na kuwaambia ukoo mzima kwamba mtoto wao ameoza. Kikao hicho hakiitishwi kwa ajili ya vocha. Wapo waliolima hapa miaka arobaini bila kukiitisha. Mimi, karani, mtu ninayewasomea wenzangu barua za benki na kuwaambia wasiweke dole gumba kabla hawajafika chini kabisa, nilikiitisha bila kuona kitu kwa macho.

Mjomba Pius aliniuliza swali moja tu. “Shemeji, umemwona?” Nikamjibu sijamwona, ila mambo yote yanaonyesha. Akakugeukia wewe. Bibi yako alikuwa pembeni anapeta mchele uliokwisha kupetwa. Wewe ulisimama, mikono nyuma, hukumtazama mjomba, ulinitazama mimi.

Ukasema, “Baba, nikikubali ni mimi, utaitikia shikamoo yangu?”

Mungu anisamehe, nilisikia kukiri. Nilimwangalia mjomba wako kama mtu aliyeshinda kesi. Mjomba hakufurahi, lakini alikuwa ameombwa hukumu, akatoa: usiiguse tena simu ya nyumbani. Na mimi kesho yake nikaitikia salamu yako, nikajiona baba mwenye huruma.

Uliitii hukumu ile kuliko ilivyotamkwa. Simu ikilia karibu na mkono wako, ulitoka nje kumwita mama yako shambani. Siku majina ya vyuo yalipotoka, ulitembea mpaka shuleni kuomba mwalimu akuangalizie, na kitochi kilikuwa kimelala mezani na vocha ndani. Uliporudi na habari kwamba umepata uuguzi Dodoma, mama yako alipiga vigelegele mpaka mbuzi wakakata kamba. Mimi nilikupa mkono. Nilitaka kukukumbatia, lakini mkono ulinitangulia.

Sasa sikiliza kilichofuata kikao kile, kwa sababu nusu hii huijui.

Vocha iliendelea kuisha. Wewe huigusi, na inaisha. Unajua nilifanya nini? Nilimshuku mama yako. Nilimuuliza kwa kuzungukazunguka, akaacha kumenya viazi akanitazama, akaendelea na viazi. Nikaona hapa sasa nitalala kwenye banda la mbuzi. Kwa hiyo siku niliyoshuka mjini kununua mbegu, niliingia kwenye duka la kampuni ya simu nikakaa foleni, nimejiandaa kugombana. Nilikuwa nimeshapanga hotuba. Ilikuwa na neno “haki za mteja” ndani yake.

Aliyenihudumia ni binti wa rika lako, amesuka kama wewe. Akaniambia shikamoo baba, akachukua simu, akabonyeza, akaanza kutabasamu. Akaniuliza, “Baba, huyu unayechati naye kila asubuhi ni nani?”

Nikamwambia ni kijana wa kilimo. Na ndivyo nilivyoamini, Skola. Mwaka jana bwana shamba mpya alitukusanya akaandika namba zetu. Wiki ile ile ukaja ujumbe: Shikamoo mzee, karibu kwa ushauri wa kilimo kila siku. Namba ilikuwa fupi, nikadhani namba za ofisi ndivyo zilivyo. Nikasema kijana ana adabu huyu, si kama wengine wanaokuja na buti zao wakasema “Mambo?” Nikamjibu: Marahaba mwanangu. Kesho yake akanisalimia tena, akanieleza kabichi zimwagiliwe saa ngapi. Nikamjibu: Marahaba, ila huku kwetu juu tunamwagilia mapema zaidi, umande wetu ni mzito, wasalimie nyumbani. Asubuhi zote hizo nilikuwa nakaa kwenye jiwe langu nyuma ya nyumba namwitikia. Mara nyingine nilimuuliza habari za wazazi wake. Hakuwahi kujibu swali, nikasema ana kazi nyingi.

Yule binti alinisomea majibu yangu moja moja, na watu wa foleni walikuwa wanasikia. Halafu akanieleza polepole, hakunidharau. “Baba, huyu si mtu. Ni mashine inatuma. Ikikutumia inakata, na wewe ukiijibu inakata zaidi. Ulijiunga siku ile ya kwanza ulipojibu.” Akashusha ule ujumbe wa kwanza mpaka mwisho wake, chini kabisa, nisikowahi kufika, akanionyesha palipoandikwa kwamba huduma hii inalipiwa na ukijibu umekubali. Mimi, ninayewaambia watu wasome mpaka chini.

Nikamuuliza, “Sasa mwanangu, mtu amekupa shikamoo, usiitikie?”

Akacheka kidogo, akasema, “Ya mashine usiitikie, baba. Itikia ya watu.”

Hakujua amesema nini. Aliendelea kubonyeza, akatuma neno la kujitoa, akanirudishia simu, akamwita mtu mwingine. Mimi nilitoka nikakaa kwenye ngazi za duka lile nikiwa na mbegu zangu za karoti mapajani. Wiki zile tatu, nilikuwa naamka, naiambia mashine marahaba mwanangu, nailipia, halafu naingia ndani mwanangu wa damu ananiambia shikamoo na mimi natazama ukuta. Asubuhi moja hiyo hiyo. Mara nyingine chai haijapoa. Nililia pale kwenye ngazi, Skola. Kijana wa bodaboda akaniuliza kama nimeibiwa simu. Nikamwambia simu ninayo.

Ungetegemea nirudi nyumbani nikuambie. Njia nzima nilijiambia nitakuambia. Nilipofika mlikuwa mnakula. Nikanawa, nikakaa, nikasema, “Ile shida ya vocha ilikuwa ni mtandao tu.” Ukasema, “Sawa, baba.” Ukanisogezea mboga. Ndivyo nilivyokuficha ukweli tangu masika hadi leo. Kukushtaki lilikuwa kosa, lakini nilikuwa sijui. Mtandao niliusingizia huku najua. Hilo la pili ndilo linaloniuma zaidi, na ndilo nakuomba unisamehe kwanza. Nilikuwa nalinda jina la karani, na jina lenyewe mashine ilikuwa imeshalila.

Jumapili iliyopita baada ya misa nilimfuata Mjomba Pius kwake, nimeshika jogoo, maana mtu hawezi kurudisha kikao mikono mitupu. Nikamweleza yote, na marahaba zote. Alicheka mpaka akashika ukuta, akamwita mkewe aje asikie habari ya mashine iliyoambiwa iwasalimie nyumbani. Kisha akaacha kucheka. “Mtoto umemwambia?” Nikasema bado. Akasema, “Basi hujafika kwangu, shemeji. Umepita tu.” Akanirudishia jogoo. Ndiye yule uliyeuliza mbona amefungwa mguu kamba nyuma ya jiko.

Sasa nimekuambia. Barua hii utaikuta ndani ya sanduku, juu ya mashuka, na nakala nimemwandikia mjomba wako aisome mbele ya bibi na wote waliokuwepo siku ile, keshokutwa. Atawasomea kwa sauti, na najua atairudia ile sehemu ya umande. Acha waicheke. Walisikia ulivyoshtakiwa, wasikie pia ulivyosafishwa. Jogoo safari hii hatarudi.

Wewe kule uendako, sina wasiwasi na wewe. Nasema kweli, si maneno ya kumuaga mtu. Msichana aliyesimama mbele ya ukoo wake akiwa tayari kubeba kosa lisilo lake ili tu baba yake amwitikie, huyo mgonjwa akimwita usiku atakwenda. Ila nikuombe kitu kimoja, na ukikiona ni kizito kitupe. Usimkubalie tena mtu kosa ambalo si lako ili akupende, hata kama mtu huyo ni mimi. Siku ile ungepaza sauti, ungenitukana hata, ningekuwa nimeanza kuitafuta njia ya duka lile mapema. Uliponipa ulichodhani nakitaka, ulinipa mahali pa kujificha. Sikulaumu. Mlango wa maficho niliujenga mwenyewe.

Na mimi nimejifunza, japo kwa uzee. Siku hizi kitu kikipotea hapa nyumbani naanza kutafuta mifukoni mwangu. Mama yako anasema amefurahi, lakini anasema pia nimechelewa miaka ishirini. Kuna ile habari ya panga lililopotea, usimuulize.

Simu itakuwa dirishani. Nimeweka vocha, na imekaa salama, haimsalimii mtu asiyekuwepo. Ukitaka kupiga kwa mjomba, piga kwa mjomba, umepata haki hiyo. Mimi nitapanda mpaka kwake kila Jumapili na jembe begani nijifanye nilikuwa napita. Lakini naamini utapiga hapa. Usiniulize naamini kwa nini. Nimekulea.

Nawasikia mnapanda kilima, sauti ya mama yako imeshavuka mto. Nina dakika chache, na bado kuna jambo. Zile asubuhi za mlangoni sijazisahau hata moja. Hazikupotea, Skola, nilizisikia zote, na mtu akishasalimiwa lazima aitikie, hata akichelewa. Basi naziitikia hapa, kwa mkono wangu.

Ile ya siku ya ndoo, kanga ilikuwa imelowa begani: marahaba. Ile ya kesho yake, uliyoirudia mara mbili ukidhani sikusikia: marahaba. Ile ya Jumapili, uliyonisalimia mbele ya watu kanisani nikajifanya natafuta kitabu cha nyimbo: marahaba. Ile ya asubuhi ya kikao, uliyoisema kwa sauti ndogo kabisa, na hukungoja jibu: marahaba, mwanangu. Marahaba sana.

Baba yako